Kampuni hii ni ya nani? Kandarasi za serikali, wamiliki waliojificha na jina lako

Kama unakaa Kyebando, iwe bondeni upande wa Nsooba au juu kule Northern Bypass inakopita, umeshaona bango la aina hii. Limesimama kando ya barabara inayotengenezwa au mtaro unaochimbwa. Linataja jina la mradi, ofisi ya serikali inayolipa, mhandisi msimamizi, na chini yake jina la mkandarasi. Mara nyingi jina hilo linaishia na neno "Limited". Watu husoma hadi hapo, kisha wanaendelea na safari.

Bango linakuambia kampuni inaitwaje. Halikuambii kampuni ni ya nani. Katika tenda za serikali, pengo kati ya mambo hayo mawili ndipo pesa nyingi hupotelea.

Unaweza kusema: mimi ni mkimbizi kutoka Bunia, au mimi ni mpangaji niliyezaliwa hapa hapa Kawempe, hayo ya wakubwa yananihusu nini? Yanakuhusu kwa njia mbili. Kwanza, ukinunua sabuni dukani unalipa kodi ya VAT ya asilimia 18 kama mtu mwingine yeyote, na kadi ya ukimbizi haikupi msamaha. Pesa inayolipa mkandarasi ina mchango wako ndani yake. Pili, jina linaloandikwa kwenye karatasi za kampuni linaweza siku moja kuwa la kwako, bila wewe kuelewa umeingia wapi. Hilo la pili nitalieleza kwa kirefu baadaye, kwa sababu linagusa moja kwa moja watu wanaotafuta riziki mjini.

Kampuni ni mtu wa karatasi

Kisheria, kampuni ni kama mtu. Inaweza kumiliki ardhi, kukopa benki, kushtaki na kushtakiwa. Lakini haina mikono. Nyuma yake lazima kuwe na watu: wakurugenzi wanaoiendesha, na wanahisa wanaomiliki vipande vyake. Uganda, kampuni huandikishwa kwenye Ofisi ya Usajili ya Uganda, inayojulikana kwa kifupi URSB, na majina ya watu hao huwekwa kwenye faili lake.

Mpaka hapo hakuna tatizo. Tatizo huanza pale mwanahisa anapokuwa si mtu bali kampuni nyingine, na kampuni hiyo nayo inamilikiwa na ya tatu iliyoandikishwa kisiwani ambako majina ya wenye mali hayatolewi. Au pale mwanahisa ni mtu kweli, lakini ni dereva wa bosi, shemeji yake, au kijana wa mtaani aliyepewa pesa kidogo ili atie sahihi. Karatasi iko safi, mihuri ipo. Anayekula faida hayumo.

Mtu huyo wa mwisho, binadamu anayefaidika au anayetoa amri hata kama jina lake halionekani, Watanzania wanamwita "mmiliki manufaa". Ndilo neno linalotumiwa na wakala wao wa usajili, BRELA, na nitalitumia hapa kwa kuwa linaeleweka haraka.

Kwa nini mtu ajifiche? Sababu nyingine ni za kawaida: mfanyabiashara hataki ndugu wote wajue ana nini. Lakini kwenye tenda za serikali sababu kubwa ni moja. Ofisa anayehusika kuchagua mshindi haruhusiwi kuchagua kampuni yake mwenyewe. Sheria ya Uganda ya Kupambana na Rushwa ya mwaka 2009 inamtaka ofisa mwenye maslahi kwenye jambo analoliamua ayatangaze, na asipofanya hivyo ametenda kosa. Basi anaiweka kampuni kwa jina la mtu mwingine. Njia nyingine ni ya kampuni tatu kuomba tenda moja, bei zao zikipishana kidogo, ionekane kuna ushindani. Ukifuatilia unakuta zote tatu ni za nyumba moja. Mshindi alijulikana kabla ya bahasha kufunguliwa.

Barabara ya Mukono hadi Katosi

Mfano ambao Waganda wengi wanaukumbuka hauko mbali na Kampala. Ni barabara ya Mukono–Kyetume–Katosi pamoja na tawi la Nyenga, kilomita 74, inayowahudumia wavuvi wa Ziwa Victoria na wakulima wa Mukono na Buikwe. Novemba 2013, mamlaka ya barabara ya wakati huo, UNRA, ilitia sahihi mkataba wa takriban shilingi bilioni 165 na kampuni iliyojiita Eutaw Construction. Kampuni ilijitambulisha kuwa ya Marekani, kutoka jimbo la Mississippi, yenye uzoefu mkubwa wa barabara.

Kabla kazi ya maana haijafanyika, UNRA ililipa malipo ya awali ya zaidi ya shilingi bilioni 24.

Mississippi ipo kampuni ya kweli yenye jina hilo. Ilipoulizwa, ilijibu kwamba haina mradi wowote Uganda na haiwajui watu hao. Wakati huo kazi yenyewe ilikuwa imeshapitishwa chini kwa chini kwa kampuni nyingine, ya Kichina. Inspekta Mkuu wa Serikali, anayeitwa IGG, alichunguza. Waziri wa Ujenzi wa wakati huo, Abraham Byandala, alishtakiwa pamoja na maofisa kadhaa. Mwaka 2018 Mahakama ya Kupambana na Rushwa ilimwachia huru waziri huyo, na ikamhukumu kifungo mtu aliyeiwakilisha Eutaw hapa nchini.

Fikiria ni nini kingehitajika kuyazuia hayo. Si wapelelezi wa kimataifa. Ni mtu mmoja ofisini kuandika barua au kupiga simu Mississippi kabla ya kutia sahihi, na kuuliza: watu hawa ni wenu? Swali hilo liliulizwa baada ya pesa kutoka. Kati ya kuuliza kabla na kuuliza baada kulikuwa na zaidi ya bilioni 24, na wakazi wa Katosi wakaendelea kula vumbi na kukwama kwenye matope hadi serikali ilipotafuta mkandarasi mwingine.

Kesi nyingine hazijafika mahakamani lakini zinauliza swali hilo hilo. Machi 2019 Bunge liliidhinisha serikali itoe hati za ahadi ya malipo zenye thamani ya dola milioni 379 kwa ajili ya hospitali ya kibingwa ya Lubowa, nje kidogo ya Kampala. Mjenzi ilikuwa kampuni iliyoundwa kwa ajili ya mradi huo tu, Finasi/Roko Construction SPV. Wabunge waliokwenda kukagua kazi waliwahi kuzuiwa langoni. Februari 2022 serikali ikatia sahihi mkataba wa kahawa na Uganda Vinci Coffee Company, ikiipa kipaumbele cha kununua kahawa ya nchi pamoja na misamaha mingi ya kodi. Mwekezaji aliyeonekana mbele kwenye miradi yote miwili ni yule yule, Enrica Pinetti, raia wa Italia. Kuonekana kwenye miradi miwili si kosa, na hakuna mahakama iliyomtia hatiani kwa hilo. Wabunge walilalamika kwamba nchi ilikuwa inajifunga kwa kampuni ambayo uwezo wake haukuonyeshwa wazi, na Mei 2022 Bunge lilipitisha ripoti iliyopendekeza mkataba wa kahawa uvunjwe.

Ilitokea pia kwenye misaada

Msomaji anayeishi kwenye makazi ya wakimbizi asidhani haya ni mambo ya barabara na kahawa tu. Mwanzoni mwa 2018 maofisa waandamizi wa idara ya wakimbizi kwenye Ofisi ya Waziri Mkuu walisimamishwa kazi kwa tuhuma za kuongeza idadi ya wakimbizi na kuhusu chakula na ardhi. Ndipo tulipopigwa alama za vidole upya, wengi wetu tunakumbuka foleni zile, kuanzia Machi hadi Oktoba. Idadi iliyokuwa ikitajwa, milioni 1.4, ilishuka hadi karibu milioni 1.1.

Mwaka huo huo wakaguzi wa ndani wa Umoja wa Mataifa walichapisha ripoti kuhusu shughuli za UNHCR nchini Uganda kati ya Julai 2016 na Desemba 2017. Ni hati ya wazi, na kila anayefanya kazi ya misaada hapa nchini angefaa kuisoma. Ilieleza ununuzi mwingi uliofanywa bila ushindani wa kutosha. Jambo moja linatuhusu hapa: kandarasi ya matengenezo ya barabara ya dola milioni 7.9 ilikwenda kwa mkandarasi asiye na uzoefu wa kujenga barabara. Ukipata mkandarasi wa namna hiyo, swali la kwanza si "alifanya kazi gani?" Swali ni "alifikaje pale, na yuko nyuma ya nani?"

Miaka ile watu walikuwa wakiingia kwa maelfu kutoka Sudan Kusini na Congo, na kila kitu kilitakiwa jana. Haraka ni mlango. Kenya iliona hivyo hivyo wakati wa korona: Kilig Limited, kampuni iliyoandikishwa Januari 2020, ilipewa barua ya tenda ya mavazi ya kujikinga yenye thamani ya shilingi za Kenya bilioni 4 na KEMSA, shirika la serikali la dawa, kabla hata haijatimiza mwaka. Barua hiyo ilifutwa baadaye, lakini ilikuwa imeshaandikwa.

Na kwa wasomaji wetu kutoka Congo, hesabu ni nzito zaidi. Kati ya 2010 na 2012 migodi ya shaba na kobalti ya Katanga iliuzwa kwa bei ya chini kwa kampuni zilizoandikishwa ng'ambo, zikiwa na uhusiano na mfanyabiashara wa Israeli Dan Gertler. Jopo lililoongozwa na marehemu Kofi Annan lilikadiria mwaka 2013 kwamba mauzo matano tu yaliigharimu nchi dola bilioni 1.36. Desemba 2017 Marekani ilimwekea Gertler vikwazo. Yeye amekanusha kufanya kosa. Watu wengi wa Kyebando na Nakivale walizaliwa kwenye nchi iliyopoteza pesa hizo, na ni wachache waliowahi kuzisikia kampuni hizo kwa majina.

Sheria imebadilika

Februari 2020 Uganda iliwekwa kwenye ile inayoitwa orodha ya kijivu, ya nchi ambazo kikundi cha kimataifa cha kupambana na utakatishaji wa fedha, FATF, kinaona zina mianya. Athari zake mtu wa kawaida anaziona benki: pesa ya kutoka nje inachelewa, maswali yanaongezeka. Mwanya mmojawapo ulikuwa huu tunaouzungumzia: serikali haikuweza kusema kwa uhakika nani mwenye kampuni gani.

Ili itoke, Bunge lilirekebisha Sheria ya Makampuni mwaka 2022, na kanuni zikafuata 2023. Sasa kila kampuni inatakiwa kutunza daftari la wamiliki manufaa na kupeleka taarifa hizo URSB. Jina la dereva halitoshi tena. Kampuni inatakiwa kusema dereva huyo anamshikia nani. Kutoa taarifa za uongo ni kosa. Februari 2024 Uganda iliondolewa kwenye orodha hiyo, na mkutano ule ule ukaiingiza Kenya.

Maoni yangu ni kwamba hatua hii ni ya kweli, lakini daftari halina thamani kubwa kuliko uaminifu wa anayelijaza na ukali wa anayelikagua. Mwenye nia ya kujificha hatajitaja kwa hiari. Ataendelea kutafuta jina la mtu mwingine.

"Nipe jina lako tu"

Hapa ndipo ninapotaka usome taratibu.

Mkimbizi Uganda ana haki ya kufanya biashara. Sheria ya Wakimbizi ya 2006 inasema wazi kwamba anaweza kujishughulisha na kilimo, ufundi na biashara, na kuanzisha kampuni kwa kufuata sheria zilizopo. Tangu 2012 hata mtu mmoja peke yake anaweza kuanzisha kampuni. Hii ni haki nzuri, na wapo wakimbizi wanaoitumia kwa faida. Ila haki hiyo hiyo inakufanya uwe mtu anayeweza kutafutwa.

Anayekutafuta huja kwa upole. Anaweza kuwa mtu unayemheshimu, mwenye gari, anayesali nawe. Anakuambia: "Ndugu yangu, kuna tenda ndogo ya kusambaza magodoro. Mimi siwezi kuweka jina langu kwa sababu nafanya kazi pale ofisini. Wewe nipe nakala ya kadi yako na picha mbili. Utakuwa mkurugenzi. Huna la kufanya, na kila mwezi nitakutumia kitu kidogo kwa simu." Kwa mama anayedaiwa kodi ya chumba na ada ya shule, huo si ushawishi mdogo.

Sikiliza tena sentensi ya katikati: siwezi kuweka jina langu kwa sababu nafanya kazi pale ofisini. Hapo ameshakuambia kosa lenyewe.

Ukikubali, mambo yafuatayo yanakuwa yako. Wewe ndiye mkurugenzi mbele ya sheria. Kodi isipolipwa, mamlaka ya mapato itaandika barua kwa jina lako. Magodoro yasipofika, au yakifika yakiwa yamejazwa mabaki ya vitambaa, polisi watamtafuta aliyetia sahihi. Watu wengi hujifariji kwamba madeni ya kampuni ni ya kampuni. Kwa kawaida ni kweli, lakini Sheria ya Makampuni inairuhusu Mahakama Kuu kulitoa pazia hilo na kuwafikia watu wenyewe pakiwa na udanganyifu au ukwepaji wa kodi. Na yule bwana wa gari? Jina lake halimo popote. Atasema hakujui.

Kwa mkimbizi kuna uzito wa ziada. Kesi ya jinai inaweza kuvuruga mambo yako mengine yote, pamoja na faili la kuhamishiwa nchi ya tatu kama unalo.

Kama ulishatoa jina, usikae kimya ukisubiri. Nenda URSB uombe kuona faili la kampuni hiyo, ujue uko humo kama nani: mkurugenzi, mwanahisa au vyote viwili. Kujiuzulu ukurugenzi ni jambo la maandishi linalopelekwa kwenye usajili. Kumwambia mwenzako kwa simu kwamba umejitoa hakubadilishi chochote. Kabla ya kuandika, zungumza na wakili au ofisi ya msaada wa kisheria inayohudumia wakimbizi mjini. Tunza ujumbe wote wa simu na wa pesa ulizotumiwa, hata kama unakuaibisha. Ni hizo ndizo zitakazoonyesha nani alikuwa akitoa amri.

Kuna sura nyingine ya jambo hili: watu wanaokuja na karatasi za kampuni wakisema wameshinda tenda ya serikali au ya shirika, wanahitaji mchango wako wa kununua bidhaa, na faida mtagawana. Usitoe pesa kwa sababu umeonyeshwa cheti cha usajili. Cheti kinathibitisha kwamba kampuni iliandikishwa. Hakithibitishi kwamba ina tenda, wala kwamba anayekuonyesha ni mwenye kampuni. Nenda kwenye ofisi iliyotoa tenda, uulize.

Jinsi ya kuuliza bila kujiweka hatarini

Tuseme mtaro ulio nyuma ya nyumba yenu umechimbwa nusu, mkandarasi ameondoka, na mvua za Machi zinakaribia. Anzia kwenye bango. Lipige picha kabla halijang'olewa. Andika jina la kampuni kama lilivyo, herufi kwa herufi, kwa sababu kampuni mbili zinaweza kutofautiana kwa neno moja tu, na Katosi imetufundisha hilo.

Kisha uliza mwenyekiti wa LC1 kama alitambulishwa kwa mkandarasi, na lini. Matokeo ya tenda za umma hubandikwa kwenye ubao wa matangazo wa ofisi husika: tangazo hutaja mshindi na bei yake. Mamlaka ya ununuzi wa umma, PPDA, ina pia tovuti ya tenda za serikali ambako unaweza kutafuta kwa jina la ofisi. Kwa miradi ya jiji, ofisi ni ya KCCA, na kwa Kyebando ni ya divisheni ya Kawempe.

Ukishapata jina, nenda URSB, Kololo, kwenye barabara ya Baskerville, au utumie tovuti yao. Mtu yeyote anaweza kulipa ada na kuomba upekuzi wa kampuni. Utakapopewa, angalia tarehe ya kuandikishwa: je, kampuni ilizaliwa wiki chache kabla ya tenda? Angalia anwani: ni ofisi, au ni nyumba ya mtu? Angalia kama hisa zilibadilisha mikono mara tu baada ya ushindi, na kama majina yale yale yanarudi kwenye kampuni nyingine iliyoshindania kazi hiyo hiyo.

Dalili si ushahidi. Kampuni mpya inaweza kuwa ya vijana wenye bidii, na shemeji wa ofisa ana haki ya kufanya biashara kama wengine. Kwa hiyo usichukue karatasi ya upekuzi ukaibandika kwenye kundi la WhatsApp la mtaa ukiandika "hawa ni wezi". Watu wameshapelekwa mahakamani Uganda kwa walichoandika mtandaoni, na mkimbizi ndiye anayeumia mapema zaidi. Karatasi hiyo ipeleke mahali pa kuifanyia kazi.

Kuhusu mahali hapo, kuna tofauti moja ambayo wengi hawaijui. Katiba ya Uganda, kifungu cha 41, na Sheria ya Upatikanaji wa Taarifa ya 2005 zinampa kila raia haki ya kuomba taarifa zilizo mikononi mwa serikali, mkataba wa mtaro wenu ukiwemo, na ofisi inatakiwa kumjibu ndani ya siku 21. Neno lililotumika ni raia. Mkimbizi hakutajwa. Nadhani hilo ni kosa katika nchi inayojivunia sera yake kwa wakimbizi, lakini ndivyo ilivyo. Kwa hiyo ombi la mkataba liandikwe na jirani Mganda, kwa jina lake, hata kama ninyi nyote mliofurikiwa mmekaa pamoja kuliandaa. Mafuriko hayaulizi kitambulisho, na jirani huyo ana sababu ile ile ya kujua.

Malalamiko kwa IGG ni tofauti. Sheria ya ofisi hiyo inasema yanaweza kuletwa na mtu yeyote, na hapo neno ni mtu. Mkimbizi anaweza kwenda, peke yake au na kikundi. Ofisi kuu iko jijini Kampala. Raia au mfanyakazi anayefichua ufisadi analindwa pia na Sheria ya Ulinzi wa Watoa Taarifa ya 2010, ambayo inaahidi asilimia 5 ya pesa zitakazorudishwa kutokana na taarifa yake.

Barua yenu isizidi kurasa mbili. Andikeni jina la mradi na la kampuni kama yalivyo kwenye bango, tarehe kazi ilipoanza na iliposimama, na kilichoachwa bila kumalizwa. Ambatisheni picha na karatasi ya upekuzi. Yale mliyoyaona kwa macho yatengeni na yale mliyoyasikia, na msiandike neno "rushwa" pale ambapo mna swali tu. Andikeni swali lenyewe: tunaomba kujua nani mwenye kampuni hii. Pigeni nakala, na hakikisheni nakala yenu imegongwa muhuri wa kupokelewa wenye tarehe kabla hamjaondoka mapokezi.